Humu Ndani Hakuna Kitu Halisi

Jumapili

Mama mkwe amefika kutoka Tanga saa tatu usiku. Basi lilitakiwa kufika saa kumi na moja jioni. Kondakta alisema sababu ni Kitonga, na kwa kuwa mlima hauna msemaji, hakuna aliyebisha.

Alishuka na kikapu, sanduku, kandambili na khanga mbili. Tulipofika nyumbani akaanza kupakua, na kila alichokitoa alikitangaza: mafuta ya nazi halisi, chumvi ya mawe halisi, asali halisi. Nilimshukuru. Njombe iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kipimajoto changu cha dirishani kilisoma nyuzi 12. Mama aliuliza kama tunaweza kuzima kiyoyozi.

Jumatatu

Mafuta ya nazi yamegoma kutoka. Mama aliigeuza chupa, akaitikisa, akaipiga kitako. Ndani kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kisicho na haraka. Mama anajua mafuta kuganda. Hata Tanga yanaganda alfajiri za kipupwe, yakafanya utando, na jua likipanda kidogo yamesharudi. Ila hajawahi kuyaona yakigoma hadi saa saba mchana.

"Wamenichakachulia," alisema. "Wameniuzia mshumaa."

Nilimweleza kwamba mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na jikoni kwetu nyuzi 24 hazijawahi kuonekana tangu tuhamie. Hili ni badiliko la kimaumbile. Hakuna kilichoongezwa wala kilichopungua, ni molekuli zile zile zimeacha kutembea. Akainyooshea kidole chupa ya alizeti iliyokuwa pembeni, inatiririka kama kawaida. Nikamweleza na hilo: molekuli za mafuta ya alizeti nyingi zimepinda, hazipangiki vizuri, kwa hiyo huhitaji baridi kali kuliko hii ili zitulie. Mama akahitimisha kwamba watu wa Singida hawachakachui.

Nikaona bora niligusie na suala la uhalisi. Kwa mwanakemia, kitu halisi ni chenye aina moja tu ya dutu, na alama yake mojawapo ni kuyeyuka kwenye nyuzi ile ile kila siku. Barafu ya maji matupu huyeyuka kwenye nyuzi 0, haina mazungumzo. Mafuta ya nazi ni mchanganyiko wa mafuta mengi, karibu nusu yake yakiwa ya asidi ya lauriki, ndiyo maana hulainika kidogo kidogo badala ya kuyeyuka kwa mpigo. Hata yangetoka kwenye nazi moja, iliyokunwa na mkono mmoja, yangekuwa mchanganyiko.

Mama alisema yeye hakununua kemia, alinunua mafuta.

Usiku ameyalaza ndani ya blanketi, upande wa ukutani.

Shuleni tumeanza mada ya maada na Kidato cha Kwanza. Niliandika ubaoni kwamba maada ni chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi. Mwanafunzi wa dawati la nyuma aliuliza kama usingizi ni maada. Nilimwambia hapana, hauchukui nafasi. Akasema kwake unachukua vipindi viwili.

Jumanne

Mafuta yameamka magumu. Blanketi halina joto lake lenyewe, kazi yake ni kuzuia lililopo lisitoroke, na chupa haikuwa nalo la kuzuiwa.

Mama aliamua kupika maharage ili atuonyeshe. Aliyabandika saa sita mchana. Saa kumi yalikuwa yanaruka ndani ya sufuria kama kokoto. Akaongeza mkaa. Saa kumi na mbili akaongeza tena na kusema moto wa huku hauna nguvu.

Moto hauna kosa. Maji huchemka pale mvuke wake unapoweza kuusukuma uzito wa hewa iliyo juu yake, na huku juu hewa ni pungufu. Kwa hiyo maji ya Njombe huchemka kwenye nyuzi 93 au 94 badala ya 100, na yakishafika hapo hayapandi tena, uyawekee mkaa wa gunia zima. Joto la ziada lote huondoka na mvuke. Ukiongeza moto unaongeza kasi ya maji kukauka, basi. Maharage yenyewe hayajui kinachoendelea, yanasubiri tu joto lililozoeleka.

Dawa yake ni sufuria ya presha, ambayo huufungia mvuke ndani na kuyapandisha maji hadi karibu nyuzi 120. Jirani anayo. Tulimtuma mtoto. Akarudi na sufuria, mfuniko na salamu, mpira wa mfuniko haupo. Bila mpira, sufuria ya presha ni sufuria nzito.

Tulikula saa nne usiku. Tukiwa tunasubiri nilimpa mama maelezo yote kuhusu mgandamizo wa hewa. Hakuyakataa. Alisema tu kwamba Tanga maharage yanaiva bila maelezo.

Jumatano

Umeme umekatika tangu alfajiri.

Mwaka 1789 Antoine Lavoisier wa Ufaransa alichapisha kitabu chenye orodha ya vitu 33 alivyoviona kuwa ni sahili, visivyoweza kugawanywa zaidi. Oksijeni ilikuwamo, na haidrojeni, salfa, dhahabu. Vya kwanza kabisa katika orodha hiyo vilikuwa mwanga na joto. Leo tunafundisha kwamba mwanga na joto si maada hata kidogo, ni nishati. Kwa hesabu za Lavoisier, asubuhi hii nyumba yangu ilikuwa imepungukiwa elementi mbili, zile za juu kabisa. Yeye mwenyewe alikatwa kichwa mwaka 1794, lakini si kwa sababu ya orodha. Alikuwa na hisa katika kampuni iliyokuwa ikimkusanyia mfalme kodi.

Kule maabara, panya wamekula jedwali la elementi. Lile bango lilikuwa limening'inia hapo kabla yangu, na chini yake kulikuwa na zile safu mbili zilizotengwa, za lanthanidi na aktinidi. Wamezila zote mbili na kuishia pembezoni mwa radoni. Nilitoa taarifa kwa mkuu wa shule. Akauliza kama kilicholiwa kimo kwenye mtihani wa Kidato cha Kwanza. Nikasema hapana. Akasema basi hakuna hasara.

Nilifundishia bango lenye mapengo, na kwa kweli halikuharibika kiasi cha kukosa faida. Dmitri Mendeleev alipotoa jedwali lake mwaka 1869, elementi zilizojulikana zilikuwa 63 tu, naye aliacha nafasi wazi kwa makusudi. Zaidi ya hapo, alitabiri sifa za watakaozijaza. Moja aliiweka chini ya alumini na kusema densiti yake itakuwa karibu 5.9. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata metali hiyo, akaiita galiamu, akapima densiti na kupata 4.7. Mendeleev, ambaye hakuwahi kuishika hiyo metali wala kuiona, akamwandikia kwamba apime tena. Akapima tena. Ikawa 5.9.

Wanafunzi walilipenda hilo kuliko yote niliyowahi kuwafundisha. Niliongeza kwamba galiamu huyeyuka kwenye nyuzi 29.8, kwa hiyo kipande chake kingekaa kigumu mezani kwetu mwaka mzima, na kingekuwa uji kikipelekwa Tanga mwezi wa pili saa nane mchana. Msichana mmoja akauliza tunacho? Hatuna.

Asali ya mama nayo imeganda. Imefanya chembechembe chini ya chupa, nyeupe-nyeupe. Mama hakusema neno, aliiweka tu mezani mbele yangu. Nilimwambia kuganda si ushahidi wa kutiwa sukari. Asali yenyewe ni mmumunyo uliobeba sukari nyingi kuliko maji yake yanavyoweza kuimudu, ikikutana na baridi ya nyuzi kumi na kitu, glukosi hujitenga na kuwa fuwele. Asali nyingi nzuri huganda hivyo. Ukiiweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu inarudi.

"Kwa hiyo mafuta yakiganda ni halisi, na asali ikiganda ni halisi?"

Nilisema ndiyo.

"Na kisichoganda?"

Nilisema na chenyewe kinaweza kuwa halisi. Mama alikwenda kulala.

Alhamisi

Jirani wa kushoto amenunua bangili ya dhahabu stendi, kwa kijana aliyekuwa na shida ya nauli. Aliniletea kabla sijamaliza chai.

"Kamwene, mwalimu. Hii ni dhahabu halisi ya Chunya. Nataka uithibitishe tu kwa ajili ya mama watoto."

Nilimweleza kwamba rangi haithibitishi dhahabu, wala kung'aa, wala shida ya nauli. Kipimo cha kwanza ni densiti, yaani uzito wa kitu kwa kila sentimita moja ya ujazo wake. Dhahabu ni 19.3. Kila kitu bandia kinachopendwa stendi kiko chini ya nusu ya hapo. Masimulizi haya ni ya kale. Mwandishi Mrumi Vitruvius ndiye aliyeeleza jinsi Archimedes alivyopewa taji la mfalme Hiero wa Syracuse alikague bila kulikata, akapata jibu akiwa anaingia kuoga. Jirani alisema hana haja ya kuoga.

Tukaenda maabara. Bangili kwenye mizani: gramu 34. Nikaifunga uzi, nikaitumbukiza katika silinda ya kupimia. Maji yalipanda mililita 4. Nikagawanya mbele yake ubaoni, kwa herufi kubwa, ili isije ikaonekana nina hila: 8.5. Ingekuwa dhahabu tupu, maji yangepanda mililita moja na robo tatu tu.

Kipimo hicho hakikutaja ni nini, kilitaja si nini. Ila 8.5 ni eneo la mchanganyiko wa shaba na zinki, ule unaotengenezewa koki za bomba.

Jirani alitazama ubao kwa muda. Akauliza kama akiikata nusu densiti itapanda. Nikamwambia densiti haitegemei wingi wa kitu: kipande na kizima ni sawa, uzito unapungua na ujazo unapungua pamoja nao. Akauliza kama siku ikiwa na joto. Nikasema joto litaishusha, kidogo sana. Akauliza kama naweza kuandika kwamba ni dhahabu ya daraja la pili. Nikasema dhahabu haina daraja, ina karati, na karati 24 ndiyo tupu, 18 ni robo tatu ya dhahabu, na hii haipo popote katika ngazi hiyo.

Aliichukua na kusema mke wake ameshaivaa siku nzima ya jana na mkono umeanza kuwa wa kijani, kwa hiyo labda inamzoea. Hiyo ni shaba inapokutana na jasho. Nilimwambia. Alisema atamwambia mkewe kuwa ni mimi niliyeichunguza.

Ijumaa

Chumvi ya mama ilitoka Tanga ikiwa imelowa unyevu wa bahari, imefika hapa ikakauka, na sasa ni jiwe moja lenye umbo la mfuko. Hili halitokani hasa na chumvi yenyewe. Chumvi ya baharini isiyosafishwa sana hubeba kloridi ya magnesiamu, na hiyo ndiyo inayofyonza unyevu hewani na kuzigandisha chembe pamoja. Mke wangu alipendekeza nyundo. Niliiweka kwenye sahani, nikapiga. Chumvi ilipasuka vizuri. Ilikuwa chumvi kabla, na vipande vyote ni chumvi: badiliko la kimaumbile. Sahani nayo imepata badiliko la kimaumbile. Kikemia bado ni sahani.

Kipindi cha tatu nilikuwa nimewaahidi wanafunzi kuona sodiamu. Sodiamu ni metali laini, unaikata kwa kisu cha mkate, lakini huwezi kuiacha wazi kwa kuwa inaishambulia hewa yenye unyevu. Huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa. Nilifungua kabati na kukuta mtungi una donge jeupe na hauna mafuta. Mlinzi alikuwa na giza tangu Jumatano. Aliona mafuta ya taa yamekaa bure kwenye mtungi, na mawe yasiyojulikana ndani yake, akachukua alichokuwa na matumizi nacho. Mawe aliyaacha, na kwa uaminifu wake akafunga mfuniko. Nilimuuliza kama taa iliwaka vizuri. Alisema vizuri sana.

Sehemu kubwa ya sodiamu ilikuwa imeshageuka ganda. Katikati ya donge nilipata kipande kidogo kuliko punje ya mchele, bado kinang'aa. Niliwasogeza wanafunzi nyuma, nikakitupia kwenye beseni la maji. Kiliyakalia maji juu, kwa kuwa densiti yake ni 0.97, kikafanya mpira, kikakimbia huku na huku kikizomea, kikaisha. Darasa lilipiga makofi. Humphry Davy alipoitenga metali hiyo kwa mara ya kwanza mwaka 1807, kwa kupitisha umeme katika magadi makali yaliyoyeyushwa, bila shaka alionyesha zaidi, lakini yeye alikuwa na umeme.

Nilipowaambia kwamba chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini, msichana yule yule aliyeulizia galiamu alinyoosha mkono. Alisema sodiamu tumeiona, inawaka majini. Klorini nimesema mwenyewe ni gesi ya kijani-njano iliyotumika kuulia askari vitani, huko Ypres mwaka 1915. Sasa nani aliyeamua tuweke vyote viwili kwenye mboga?

Ni swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye mtaala, na nililipa kipindi kizima. Katika mchanganyiko kila mmoja hubaki na tabia yake. Unga wa chuma ukiuchanganya na wa salfa, sumaku inakuja na kukuchukulia chuma chako, salfa ikabaki. Lakini vikishaungana kikemia, tabia za zamani hufa na kinazaliwa kitu kingine. Sodiamu huyeyuka kwenye nyuzi 98. Klorini ni gesi. Mtoto wao, chumvi, huhitaji nyuzi 801 ili iyeyuke, haiwaki, haina rangi ya kijani, na bila hiyo mwili hauendi. Na uwiano wake haubadiliki: atomi moja kwa moja, chumvi ya Uvinza na ya Tanga. Mchanganyiko unaweza kuufanya upendavyo. Kampaundi haikuulizi unapendaje.

Msichana aliandika. Halafu akauliza kama mtu akimeza chumvi tumboni haiwezi kuachana. Nilisema huachana, inapoyeyuka majini, lakini zinazoachana ni ioni, si metali na gesi. Kengele ikalia. Mtaala unasema ioni ni baadaye.

Jumamosi

Kishindo storini saa kumi na moja alfajiri. Mke wangu alisema ni mwizi. Mama alisema ni mafuta.

Ilikuwa dumu la lita tano la ulanzi. Jirani, baada ya mambo ya bangili, alilificha kwetu jana jioni akiomba tusimwambie mkewe, na kwa kuwa hakutaka linuke alilikaza mfuniko kwa koleo. Ulanzi ukikingwa kutoka kwenye mwanzi ni maji matamu. Hamira ya porini huingia yenyewe, huila sukari, na kutoa vitu viwili: kilevi na gesi ya kaboni dayoksaidi. Ndiyo maana wenyeji hawakazi madumu. Mfuniko umekutwa juu ya gunia la viazi, na dari ina alama.

Mama aliuliza kama ukiuacha utarudi kuwa maji matamu. Hili ndilo linalotenganisha kuganda na kuchacha. Mafuta yaliyoganda unayarudisha kwa jua. Kilichochacha kimezaa dutu mpya, harufu mpya na gesi, na sukari iliyoondoka haiitwi ikarudi. Mama alisema vizuri, basi amwage. Jirani alikuwa tayari mlangoni na sufuria ya presha, amekuja kukinga kilichobaki. Mpira bado haujaonekana.

Jumapili

Leo sina la kuchekesha, nitaandika kwa kifupi.

Usiku kulishuka hadi nyuzi 8. Niliamka kunywa maji nikaona mwanga mwekundu chini ya mlango wa mama. Alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani, amefunga dirisha, na ameziba upenyo wa mlango kwa khanga ili ukungu usiingie. Nilifungua kila kitu na kulitoa jiko nje likiwa linawaka. Mama aliamka akilalamika kichwa kizito. Alinuna kwa sababu nimemtolea moto.

Mkaa ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na haiwashi koo wala macho. Gesi ya mtungi wa kupikia nayo kwa asili haina harufu ya kutosha kukushtua, ile harufu mbaya tunayoijua hutiwa kiwandani kusudi uvujaji ujulikane. Mkaa hakuna anayeutilia harufu. Gesi yake hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni inavyoshika, na aliyelala haamki kujieleza. Kila msimu wa baridi nyanda hizi za juu husikia msiba wa namna hii. Unayesoma hili, jiko lote nje kabla ya kulala, hata kama mkaa umebaki majivu yenye wekundu kidogo.

Mama sasa analala na chupa ya maji ya moto. Maji hutunza joto vizuri kuliko karibu kila kitu kilichomo humu ndani. Chupa ilivuja saa tisa usiku.

Jumatatu

Naftalini za mama zimepungua. Alitia vidonge sandukuni mwake akiondoka Tanga, vikiwa vinene. Leo amekuta vimekonda, na kimoja kimebaki kama punje ya dengu. Hakuna majimaji, hakuna unga. Naftalini hutoka yabisi ikawa gesi moja kwa moja bila kupitia kimiminika, na gesi hiyo ndiyo inayowakimbiza nondo. Sanduku lilikaa kwenye buti la basi kutoka joto la Tanga, kwa hiyo kazi kubwa ilifanyika njiani.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza funguo za sanduku alimwachia nani.

Jumanne

Mvua ya mwisho ya msimu imevuja juu ya karatasi za mtihani wa Kidato cha Kwanza, zilizokuwa mezani kwangu zikisubiri kusahihishwa. Waliotumia peni za kawaida wamesalimika, wino wake ni wa mafuta na hauyajali maji. Waliotumia zile peni mpya za wino wa maji, zinazouzwa dukani mkabala na shule, wametawanyika.

Sikukasirika mara moja, kwa sababu kilichotokea kilikuwa kizuri. Wino mweusi haukuwa mweusi. Ulipopanda na maji ndani ya karatasi uligawanyika: zambarau mbele, bluu ikifuata, na nyuma kabisa rangi ya kutu. Kila rangi ina mvuto wake kwa karatasi na kwa maji, kwa hiyo kila moja hufika inapofika. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea wa Urusi, alitumia njia hiyo mwanzoni mwa karne ya 20 kutenganisha rangi za majani kwa kuzipitisha katika bomba lililojaa unga wa chaki, na leo maabara za dawa, za vyakula na za polisi haziendi bila watoto wa wazo lake. Nilikuwa nimelipanga somo hilo kwa wiki ijayo.

Kwa upande wa alama, jibu la swali la nne la mwanafunzi mmoja limehamia kwenye karatasi ya jirani yake, ambaye alikuwa ameacha wazi. Ni jibu sahihi. Bado nalitafakari.

Jumatano

Nimesahihisha. Swali la saba lilisema: taja kitu kimoja halisi kinachopatikana nyumbani kwenu, na ueleze sababu. Alama mbili.

Wengi wameandika maji. Maji ya bomba yana madini yaliyoyeyuka na hewa iliyoyeyuka, ndiyo maana birika linafanya ukoko mweupe. Kosa. Wengine wameandika hewa ya Njombe. Hewa ni asilimia 78 naitrojeni na 21 oksijeni, na mabaki, hata ya Njombe. Mmoja ameandika maziwa ya ng'ombe wetu, kwa sababu "tunamkamua sisi wenyewe." Maziwa ni matone ya mafuta yaliyotawanyika ndani ya maji yenye protini na sukari. Ng'ombe hana hatia. Mwingine ameandika sufuria, kwa sababu ni alumini tupu. Sufuria nyingi mitaani huyeyushwa kutokana na vyuma chakavu vya kila ukoo.

Mtoto wa jirani wa kushoto ameandika: bangili ya mama, kwa sababu imepimwa na mwalimu.

Nilikaa na karatasi hiyo kwa muda. Kisha nikampa sifuri kwenye jibu na sifuri kwenye sababu, ingawa sababu ni ya kweli.

Msichana wa sodiamu ameandika sukari nyeupe ya dukani, kwa kuwa ni sukrosi karibu yote na kilichobaki ni kidogo mno. Ni kweli, huwa zaidi ya asilimia 99, na humo nyumbani mwa watu si rahisi kupata kinachoizidi. Nimempa mbili. Yule wa usingizi ameandika neno moja tu, "hakuna." Nimempa moja. Angeeleza sababu angepata zote.

Wastani wa darasa ni 41. Mtihani utarudiwa Ijumaa saa mbili asubuhi, kwenye chumba ambacho paa lake halivuji, na kila mwanafunzi aje na peni ya kawaida.